Kuishi Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ukiwa na kazi, watoto na madeni

Anayefungua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa mara ya kwanza hushangaa. Anatarajia mafundisho mazito, anakuta nani apike wiki hii, jembe lirudishwe wapi, anayechelewa sala asimame wapi, mgonjwa ale nini, anayebisha hodi ajibiwe nini. Kitabu hicho kidogo chenye utangulizi na sura 73 kiliandikwa Italia katika karne ya 6 kwa ajili ya wamonaki, watawa waliolala nyumba moja, wakala chungu kimoja na kuudhiana kila siku. Ndiyo maana kinafaa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili kama kinavyofaa abasia, yaani makao ya watawa.

Mwongozo huu ni wa mlei, yaani Mkristo asiye padre wala mtawa: mama lishe, fundi, mwalimu, muuguzi wa zamu, mwenye genge. Huhitaji kuhama wala kununua chochote zaidi ya Biblia. Kosa linalowaangusha wengi ni kutaka kuibeba monasteri nzima siku ya kwanza: kuamka saa tisa usiku, kufunga siku tatu kwa wiki, zaburi kumi kila asubuhi. Wiki ya pili mtu amechoka, ana hasira na watoto, ameacha yote. Benedikto mwenyewe, katika sura ya mwisho, anasema kanuni yake ni ndogo na ni ya wanaoanza. Mchukulie kwa neno lake.

1. Panga saa zako

Hapa msemaji wa Kiswahili ana urahisi ambao wasomaji wengi wa Ulaya hawana. Wamonaki wa kale walihesabu saa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi. Sala yao ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa inaangukia saa tatu, saa sita na saa tisa zetu za mchana. Huna haja ya kugeuza chochote.

Benedikto aliweka sala saba za mchana, akifuata Zaburi ya 119, "Mara saba kila siku nakusifu", na moja ya usiku. Wewe anza na mbili: asubuhi na kabla ya kulala. Zishike siku 40 bila kuongeza kitu, hata ukijisikia una nguvu. Baada ya hapo ongeza ya saa sita mchana, dakika tatu tu. Wengi hawahitaji zaidi ya hizo tatu maisha yao yote.

Funga sala kwenye tendo, usiifunge kwenye dakika. Asubuhi iwe baada ya kunawa uso na kabla ya kushika simu. Usiku iwe baada ya kukomea mlango. Ukisema "saa kumi na moja na nusu kamili", siku utakayoamka kumi na mbili kasoro utajiona umeshindwa na utaiacha sala yenyewe. Anayefanya kazi za zamu ahesabu asubuhi yake tangu anapoamka, hata kama ni saa nane mchana. Na kama unaamshwa na kengele ya simu, tafuta saa ndogo ya mezani, kwa sababu kidole kinachozima kengele hufungua ujumbe papo hapo.

Wakati ukifika, sura ya 43 inataka mtu aache alichoshika mkononi. Yohane Kasiano, mmonaki aliyeandika kabla ya Benedikto, anaeleza kwamba wamonaki wa Misri waliokuwa wakiandika waliposikia mwito waliiacha hata herufi bila kuimalizia. Jaribu hilo: acha kufagia katikati ya chumba, rudi baadaye. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana, maana linagusa ile imani yetu ya siri kwamba bila sisi kazi haitaisha. Lakini mtoto akilia, nenda kwa mtoto. Sala ikatike ilipofikia, na usiirudie tangu mwanzo.

Kama mmeamua kusali wawili, yupo ambaye atashindwa kuamka. Sura ya 22 inasema ndugu watiane moyo kwa upole, kwa sababu wenye usingizi wana visingizio. Muite kwa jina mara moja, washa taa, anza. Usimvute shuka.

2. Mahali

Kigoda, mkeka au kiti kimoja, kikitazama ukuta, Biblia ikiwa palepale. Mshumaa na picha takatifu ni vizuri ukiwa navyo. Katika chumba kimoja chenye watu watano, mahali pako ni upande mmoja wa kitanda, na wenzako waambiwe mapema ili wasidhani umenuna.

3. Sala ya asubuhi, dakika kumi

Gusa midomo kwa ishara ya msalaba, sema: "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu, na kinywa changu kitazinena sifa zako." Hayo yawe maneno yako ya kwanza ya siku, kabla ya kumwita mtu wala kuuliza maji yako wapi.

Kisha Zaburi ya 67, polepole. Benedikto aliagiza ivutwe kidogo ili waliochelewa wawahi ile inayofuata, na nyumbani inafanya kazi hiyohiyo wakati watoto wanatafuta kandambili. Baada yake, zaburi moja kwa mpangilio wa Biblia: leo ya 1, kesho asubuhi ya 3, na ya 2 ikiwa ya jioni hii. Kwa zaburi mbili kwa siku utamaliza zote 150 kwa siku 75. Wamonaki wa Benedikto walizimaliza kila wiki, lakini hao hawakuwa na daladala ya kuwahi. Zaburi ya 119 ina mistari 176 katika mafungu 22 ya mistari minane. Soma mafungu mawili kila mara, nayo itaongeza siku tano kwenye hizo 75. Kumbuka pia kwamba vitabu vya zamani vya Kikatoliki vinaweza kupungukiwa namba moja kwa zaburi nyingi: ya 51 utaikuta ni ya 50.

Namna ya kusema zaburi ina uzito kuliko idadi. Kila mstari una sehemu mbili. Sema ya kwanza, nyamaza kwa pumzi moja, sema ya pili, endelea bila kungoja. Kimya kinakaa katikati ya mstari, hakikai mwishoni. Wengi wanafanya kinyume, na zaburi inageuka orodha. Mkiwa wawili, peaneni mistari. Asiyesoma asikilize kweli, asiwe anatafuta mstari wake kwa macho. Mwishoni semeni "Atukuzwe Baba".

Utakutana na zaburi za laana, kama ya 109. Kitabu cha sala ya Kanisa kinachotumika leo kimeiacha. Ukiwa peke yako usiiruke: isome kwa niaba ya mtu anayeonewa sasa hivi asiye na pa kusemea, na utaona haimhusu jirani yako mwenye kelele.

Malizia kwa mistari mitatu mpaka mitano ya Injili, kimya cha dakika mbili, na Baba Yetu kwa sauti. Sura ya 13 inaeleza kwa nini kwa sauti: kwa sababu miiba ya ugomvi huota kati ya watu wanaoishi pamoja, na anayesema "utusamehe kama tunavyowasamehe" mbele ya wenzake amejifunga. Kama mmelala mmenuniana, hiyo ndiyo sentensi mtakayokwama. Msiiruke.

4. Mstari mmoja wa njiani

Kasiano alipokea kutoka kwa wazee wa jangwani mstari wa kusemwa wakati wote: "Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima" (Zaburi ya 70). Waumini wengi wanaujua kwa umbo la "Ee Mungu, utuelekezee msaada", linalofungua sala za Kanisa. Sema nusu ya kwanza ukivuta pumzi, ya pili ukitoa. Mahali pake ni kituo cha daladala, foleni ya maji, ngazi za ofisi ambako unakwenda kuomba mkopo, dakika ile kabla hujamjibu mtu aliyekutukana. Usihesabu mara ulizosema. Ukianza kuhesabu, au kuamini kwamba usiposema gari litapata ajali, umeugeuza hirizi. Uache kwa siku mbili, uuanze tena kama ombi.

5. Kazi na vyombo

Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyombo vyote: sufuria, panga, ndoo. Hapa ndipo umonaki unapoonekana kwa mikono, na ndipo penye mazoezi mengi zaidi kwa mtu asiye na muda wa kukaa kimya.

Chagua chombo kimoja unachokitumia kila siku: cherehani, kisu cha jikoni, pikipiki, ubao wa darasani. Kabla ya kukishika, sema ule mstari wa njiani mara moja. Baada ya kazi kisafishe, kirudishe mahali pake, ndipo ukae. Fanya hivyo mwezi mmoja kwa chombo hicho kimoja tu kabla ya kuongeza kingine.

Sura ya 46 inafaa sana nyumba yenye watoto na duka lenye wasaidizi. Aliyevunja au kupoteza kitu na akaja mwenyewe kusema, anachukuliwa kwa wepesi. Akijulikana kupitia mwingine, adhabu ni nzito zaidi. Watangazie wote, kisha uishike ahadi yako siku ile bakuli zuri litakapovunjika. Ukimfokea mtoto aliyekuja kukiri, mpango umekufa, na vipande vinavyofuata utavikuta chini ya kitanda.

Kwa mfanyabiashara, sura ya 57 inataka bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya wengine, ili tamaa isiingie. Mwenye genge anayekopa mtaji hawezi kushusha bei ya kila kitu. Chagua bidhaa moja ambayo maskini huinunua zaidi, labda chumvi au mafuta ya kupima, na hiyo uiuze kwa faida ndogo bila kuitangaza.

6. Saa nne mpaka saa nane

Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomsumbua mtu: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. La sita, uchovu wa roho, alilipangia saa zake: linaanza kama saa nne, linakaa mpaka saa nane mchana. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ya saa hamsini. Mtu anachungulia dirishani, anatoka kutazama kama saa tisa ya kula imekaribia, anachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anakumbuka ndugu zake, anawaza kwamba kwingine angempendeza Mungu vizuri zaidi.

Wengine huliita uvivu, na neno hilo linapotosha. Mwenye hali hii anaweza kuwa anakimbia huku na huku mchana kutwa. Dalili zake leo: kufungua simu bila kujua unatafuta nini, kuanza kazi tatu bila kumaliza moja, kuwaza kuhama parokia, kazi, hata ndoa, kila mara saa zilezile za siku, na jioni wazo limetoweka. Hiyo saa ndiyo ushahidi wako. Uamuzi ulio wa kweli huwa bado upo jioni na asubuhi inayofuata.

Cha kufanya, kwa mpangilio huu: kunywa maji na ule kitu, kwa maana njaa huiga hali hii vizuri sana. Kisha baki ulipo. Usitoke kwa robo saa. Chukua kazi ndogo kabisa yenye mwisho unaoonekana, kama kuosha vikombe vinne au kujaza ukurasa mmoja wa daftari, uimalize. Halafu iambie nafsi yako kwa sauti maneno ya Zaburi ya 42 ambayo Evagrio anayapendekeza kwa hali hii: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Ukishaiweka sala ya saa sita katika siku yako, utaona imekaa katikati kabisa ya saa hizo.

Ila pima vizuri. Kama usingizi umepotea kwa wiki mbili, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza kifo chako, nenda hospitali. Sura ya 36 inataka mgonjwa ahudumiwe kabla na juu ya yote, kama Kristo mwenyewe, na wewe ukiugua u mgonjwa kama wengine.

7. Manung'uniko

Benedikto anarudia onyo hili katika kanuni nzima kuliko karibu kosa lingine lolote. Lakini hakuishia kuonya; aliondoa sababu. Katika sura ya 35, wahudumu wa jikoni hupewa kinywaji na mkate saa moja kabla ya mlo, juu ya fungu lao, ili wawahudumie wenzao bila kunung'unika. Walio dhaifu wapewe wasaidizi. Kabla ya kumlaumu mkeo, dada wa kazi au binti yako kwa kununa jikoni, uliza amekula saa ngapi na nani alimchotea maji.

Weka zamu ya wiki kama wao. Kila mtu wa nyumba anayeweza kubeba ndoo aingie, baba na wavulana wakiwemo. Jumamosi anayetoka afue taulo za jikoni, arudishe vyombo vikiwa safi na vizima, avihesabu mbele ya anayeingia. Katika Kanuni anayeingia husema mara tatu, na wote humwitikia: "Ee Mungu, unielekezee msaada, ee Bwana, unisaidie hima." Ni mstari uleule wa njiani, sasa mbele ya sufuria.

Na ukipewa kazi inayokushinda, sura ya 68 ina hatua zake. Ipokee kwa upole. Jaribu. Ukiona uzito umezidi nguvu zako, mweleze mkubwa wako sababu, kwa wakati unaofaa, bila kiburi wala ubishi. Akishikilia, fanya ukitegemea msaada wa Mungu. Kazini hii ina maana ya kusema na bosi mwenyewe, ana kwa ana, kabla hujasema na wenzako kwenye chai. Tofauti ya neno la haki na manung'uniko ni nani anayelisikia: la kwanza linakwenda kwa anayeweza kurekebisha.

Utii huu hauhusu kipigo. Mtu anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la Benedikto; aondoke mahali pa hatari, aende kwa ndugu, dawati la jinsia la polisi, paroko.

8. Usiku

Baada ya zaburi ya zamu ya jioni, sema Zaburi ya 4, ya 91 na ya 134, kila usiku, bila kubadilisha. Ndizo Benedikto alizoziweka. Kwa kuwa ni zilezile, kwa miezi miwili utakuwa umezishika kwa moyo, na umeme ukikatika unazisema gizani. Kabla yake pitia siku kwa dakika mbili: niliyemuumiza, nililoacha, niliyesahau kumshukuru. Sura ya 4 inataka anayegombana na mwenzake apatane naye kabla jua halijazama. Kama mmechelewa, neno moja kabla ya taa kuzimwa: "Nimekosa." Maelezo yasubiri kesho, usiku ni wakati mbaya wa kuhojiana.

Baada ya hapo sura ya 42 inakataza kuongea, isipokuwa kwa mgeni au agizo la lazima. Simu iwe chumba kingine, au juu ya kabati. Wenye wazazi wagonjwa waiache ikiita kwa namba hizo tu.

9. Kusoma

Mara tatu kwa wiki, dakika 20. Chukua mistari minane mpaka kumi na miwili, usichukue sura nzima. Soma mara ya kwanza kwa sauti ya chini. Soma tena, usimame kwenye neno linalokugusa, ulirudie taratibu kama anayetafuna muwa. Mwambie Mungu linalokuja. Kaa kimya. Ukisinzia simama wima. Mawazo yakitoka rudi kwenye neno, hata mara thelathini. Anayesoma ili apate mahubiri ya kuwapelekea wengine jumuiyani hajaanza bado.

10. Mlangoni

Bawabu wa sura ya 66, mtu akibisha au maskini akiita, hujibu mara moja: "Tumshukuru Mungu." Sisi tuna "karibu", ni neno zuri sana, mradi liseme kweli. Zoezi ni kulisema kabla hujajua ni nani. Na kama aliyekuja anaomba fedha ambazo huna, sura ya 31 inasema apewe neno jema. Mwambie wazi na kwa upole kwamba leo sina. "Njoo kesho" unayojua si kweli humtesa mara mbili.

Ukikatika

Siku tano zimepita bila sala. Usilipe deni la zaburi ulizokosa. Fungua ile ya leo. Usiongeze mfungo ili kujiadhibu. Sura ya 49 inataka hata kinachoongezwa wakati wa Kwaresima kiambiwe abati, mkuu wa monasteri, kwanza, la sivyo kitahesabiwa kuwa majivuno. Mwenye ndoa amwambie mwenzake, asiye na ndoa amwambie padre au mtawa anayemfahamu. Kufunga kwa siri kunakokufanya ufoke mezani kumeshapoteza kazi yake.

Baada ya mwaka hivi, tembelea monasteri ikiwezekana. Tanzania kuna abasia za Wabenediktini Peramiho na Hanga mkoani Ruvuma, Ndanda mkoani Mtwara, na Mvimwa mkoani Rukwa. Kenya wapo Tigoni, Uganda wapo Tororo. Wasiliana na mpokea wageni kabla ya kufunga safari, ueleze unataka kukaa siku ngapi kwa ajili ya sala, na uulize kuhusu waoblati, yaani walei wanaojiunga na monasteri fulani na kuahidi kuishi roho ya Kanuni wakiwa majumbani mwao. Kanisani kaa nyuma, sali kwa sauti ya chini kuliko ya ndugu, na usiwatangulie kwenye kile kimya cha katikati ya mstari.